Mwizi wa Mlimani na Neno Letu 'Shifta'

Stering hafi. Kanuni hiyo ya vibanda vya filamu inajulikana Kiwanjani, Isiolo, kama inavyojulikana kote nchini. Juzi niliwasimulia vijana wawili wa mtaa huo filamu kongwe ya Kitamil, Malaikkallan, ya mwaka 1954. Mmoja akanikatiza: "Sasa mzee, huyo stering ni mwizi ama ni mtu mzuri?" Swali lake ndilo uhakiki wenyewe.

Jina la filamu limeundwa kwa maneno mawili: malai ni mlima, kallan ni mwizi. Mwelekezi alikuwa S. M. Sriramulu Naidu, na M. Karunanidhi aliandika mazungumzo akitegemea riwaya ya Namakkal Ramalingam Pillai. M. G. Ramachandran anaigiza mtu anayeificha sura yake halisi. Mara ni mwizi wa milimani anayewatetea wanyonge, mara ni Abdul Rahim, tajiri mwenye heshima zake. Filamu ilipendwa hivi kwamba mwaka 1955 ilitengenezwa upya kwa Kihindi, ikaitwa Azaad.

Ubora wake, kwa maoni yangu, umo katika lile neno kallan. Linaanza kama tusi la polisi na matajiri, linamalizika kama sifa midomoni mwa watu wa kawaida. Neno halijabadilika hata silabi moja. Matendo ndiyo yameligeuza maana.

Je, tutalitafsirije? Msimulizi kama DJ Afro, ambaye Kiswahili chake kimezifikisha filamu za kigeni kwa Wakenya wengi, hana muda wa kufungua kamusi. Achague papo hapo: mwizi, jambazi, haramia? Isiolo kuna neno jingine linalokuja haraka zaidi: shifta. Hapo ndipo penye mtego.

Neno shifta lilitujia kutoka Ethiopia na Eritrea. Huko lilikuwa na nyuso mbili, mporaji na muasi. Kassa Hailu aliwahi kuwa shifta kabla ya kutawazwa mwaka 1855 kuwa Mfalme Tewodros wa Pili. Kwetu, vita vya 1963 hadi 1967 vililiachia uso mmoja tu. Waliotaka eneo la kaskazini lijitenge na Kenya waliitwa shifta, kisha jina likamwangukia hata mfugaji aliyekuwa akitafuta maji ya ngamia wake. Simsafishi mtu hapa. Mkuu wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa Juni 1963, na damu yake haifutiki kwa ufafanuzi wa msamiati. Ila neno lisilotofautisha mwenye bunduki na mwenye fimbo ya kuchungia ni neno la hatari.

Filamu nayo ina kasoro yake. Mwizi wake ni msafi mno. Akipiga, anayepigwa ni mbaya. Akipora, anayeporwa alistahili. Hakuna anayeuliza nani alimpa mamlaka ya kuhukumu, wala itakuwaje siku akikosea nyumba. Mvuto wa namna hii si mchezo: Karunanidhi alikuja kuwa Waziri Mkuu wa jimbo la Tamil Nadu mwaka 1969, na Ramachandran mwaka 1977. Umaarufu wa sinema uliwabeba wote wawili hadi ikulu.

Kwa hiyo nilimjibu kijana: ni mwizi, na filamu inakutaka uamue kama ni mbaya. Msimulizi asimpandishe cheo kwa kumwita shujaa tangu mwanzo; akifanya hivyo atakuwa ameimaliza hadithi kabla haijaanza. Amwite Mwizi wa Mlimani, atuachie kazi ya kumpima. Na sisi tunaoandika na kutangaza, tukitaka kumwita mtu wa kaskazini shifta, kwanza tuseme amefanya nini. Tukishasema, huenda tukagundua kwamba neno lenyewe hatulihitaji.