"Serikali Isiyo na Dini" kwa Masikio ya Wamwani: Uhakiki wa Tafsiri Moja

Katika somo la tafsiri la mwaka wa tatu tumezoea kuwapa wanafunzi vifungu vya katiba za nchi jirani ili wavitie katika Kiswahili. Safari hii tulichagua ibara ya 12 ya Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004, ambayo kwa Kireno inaitaja nchi hiyo kuwa "Estado laico". Karibu darasa zima liliandika "serikali isiyo na dini", na wachache wakaandika "dola lisilo na dini". Kwa kipimo cha kamusi hakuna aliyekosea. Lakini mwanafunzi mmoja, ambaye kwa upande wa mama ana jamaa huko Palma, alisema kwamba akimsomea bibi yake sentensi hiyo, bibi atajibu: "Hilo tulilijua zamani." Darasa lilicheka. Makala haya yametokana na kicheko hicho, kwani tunaona kuwa bibi huyo, hata kama hajaulizwa, ameihakiki tafsiri yetu vizuri kuliko tulivyoihakiki sisi.

Tuanze na lugha yenyewe. Katika Kiswahili cha mwambao, kusema kwamba mtu "hana dini" si kueleza tu kuwa haendi msikitini wala kanisani. Ni kumshutumu. Aliyekula mali ya yatima hana dini. Anayepunja mizani hana dini. Neno hili limebeba imani, lakini limebeba pia haya, huruma na uaminifu katika kushughulika na watu. Ukilichukua ukalibandika kwenye serikali, msikilizaji wa pwani hasikii kwamba serikali haipendelei upande wowote. Anasikia kwamba serikali haina haya.

Huku kwetu Tanzania kauli hiyo haituchomi sana kwa sababu tumeipokea pamoja na nusu yake ya pili: serikali haina dini, ila watu wake wana dini zao. Tangu enzi za Mwalimu Nyerere nusu hizo mbili zimekwenda pamoja, na ya pili ndiyo inayoipoza ya kwanza. Hata hivyo tusijidanganye kwamba ubishi ulikwisha. Ilani ya CCM ya mwaka 2005 iligusa suala la Mahakama ya Kadhi, na miaka kumi baadaye suala hilo lilikuwa bado linarushwa kati ya Bunge, masheikh na maaskofu. Kwa hiyo kauli hii si safi hata kwa wenyewe. Tunachosema ni kwamba ilipovushwa Ruvuma ilivuka nusu moja tu.

Wamwani ni watu wa pwani kwa jina na kwa maisha. Wako Palma, Mocímboa da Praia, Macomia, Quissanga na visiwa vya Ibo, na lugha yao, Kimwani, ni jirani wa karibu sana wa Kiswahili. Ghuba ya Tungi, palipo na mji wa Palma, iligombewa na Zanzibar na Wareno hadi Wareno walipoichukua mwaka 1887. Kabla na baada ya hapo, masultani na wakuu wa pwani hiyo waliwaandikia maofisa wa Kireno barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Nyingi zimehifadhiwa Maputo katika Hifadhi ya Nyaraka za Kihistoria ya Msumbiji, na Liazzat Bonate na Chapane Mutiua wamezifanyia kazi ya kuheshimika. Tungependa wanafunzi wetu wazijue barua hizi. Humo utawala unazungumzwa kwa lugha ya Waislamu wenye elimu yao: kwanza Mungu na salamu, kisha kodi, mpaka au ugomvi wa vyeo. Mwandishi wake hakuwa na haja ya neno la kutenganisha dini na serikali. Angekuwa anajitenganisha na kalamu yake mwenyewe.

Dola la kikoloni lililofuata halikuwa la "laico" hata kidogo. Mwaka 1940 Ureno ilitiliana mkataba na Vatikani, na kuanzia mwaka 1941 elimu ya wale walioitwa "wenyeji" ikawekwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki. Mzazi wa Kimwani aliyetaka mwanawe asome Kireno alijua kwamba njia inapita mlangoni mwa padri. Wengi waliamua mtoto abaki chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na kwa hiyo uhuru ulipokuja mwaka 1975, watu wenye vyeti walikuwa wa kwingine, hasa uwanda wa juu wa Mueda na kusini. Hapa pana jambo linalosahauliwa kirahisi: dola lisiloegemea dini lingekuwa nafuu kubwa kwa Waislamu wa pwani hii. Walikuwa wamekwisha kuonja dola lenye dini, na dini hiyo haikuwa yao.

Walichopata ni kingine. Katiba ya mwaka 1975 ilitenga kabisa dola na dini, na kwa miaka kadhaa iliyofuata, hasa kati ya 1977 na 1982, chama cha FRELIMO kilipambana na dini kama ushirikina na masalia ya ukale. Wakuu wa jadi waliondolewa. Ndoa za wake wengi, mahari na unyago vilipigwa vita katika mikutano ya hadhara. Katika mikutano hiyohiyo ndipo Wamwani wengi waliposikia kwa mara ya kwanza, kutoka serikalini, kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Maneno mawili yakaja katika kapu moja: usawa, na dharau kwa dini. Desemba 1982 viongozi wa nchi walikutana na viongozi wa dini na upepo ukaanza kugeuka, lakini kapu lilikuwa limekwisha kufika kijijini.

Kisha lipo suala la sikukuu, ambalo kwa mwalimu wa lugha ni hazina. Mwaka 1996 Bunge la Msumbiji lilipitisha sheria ya kuzifanya Idi mbili kuwa sikukuu za taifa. Wapinzani wa sheria hiyo walilia kwamba "Estado laico" imevunjwa, na Mahakama Kuu ya nchi ikaona kwamba ni kinyume cha katiba. Wakati wote huo tarehe 25 Desemba ilikuwa, na mpaka leo ni, sikukuu ya taifa, kwa jina la Siku ya Familia. Hatumlaumu aliyebuni jina hilo, maana alitaka watu wapumzike. Lakini Mwislamu wa Ibo alifundishwa kitu kimoja kuhusu tafsiri: kwamba dini ya mwenzake ikibadilishwa jina inaingia serikalini, na yake ikiingia kwa jina lake inarudishwa mlangoni.

Tunafika sasa kwenye mambo yanayojulikana zaidi. Tarehe 5 Oktoba 2017 kundi ambalo wenyeji waliliita al-Shabaab lilishambulia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia. Mji huo waliuteka Agosti 2020 wakaushikilia kwa takribani mwaka mmoja, hadi majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoukomboa Agosti 2021. Palma ilishambuliwa Machi 2021. Watu zaidi ya 800,000 walikimbia makwao, na baadhi yao waliovuka Ruvuma kuja kwetu walirudishwa kupitia Negomano, jambo ambalo halitupi fahari.

Maandishi ya kitaalamu kuhusu vita hivi ni mengi. Saide Habibe, Salvador Forquilha na João Pereira, katika utafiti uliotolewa na IESE mwaka 2019, walieleza jinsi vijana wa Mocímboa da Praia walivyovutwa, pamoja na mitandao iliyofika hadi Tanzania, Kenya na Somalia. Eric Morier-Genoud, mwaka 2020, alirudisha nyuma mwanzo wake: kwanza palikuwa na madhehebu ya vijana walioanza kujitenga tangu karibu mwaka 2007, wakakataa shule za serikali na mahakama zake, wakaingia misikitini na viatu, na ndipo baadaye wakashika silaha. Wengine wanasisitiza umaskini, gesi ya Afungi, au ugomvi wa Wamwani na Wamakonde, ambao mwaka 2005 ulimwaga damu mjini humohumo baada ya uchaguzi mdogo wa manispaa.

Tunawaheshimu wote hawa, na hoja ya Morier-Genoud ndiyo inayotuvutia zaidi. Malalamiko yetu ni ya kiisimu. Ugomvi huu uliendeshwa kwa sehemu kubwa kwa Kimwani na Kiswahili, barazani, misikitini na katika kanda za simu, lakini umetufikia kwa Kireno na Kiingereza. Katika kanda zilizosambazwa mwaka 2020, wapiganaji walisema hawaitaki serikali ya makafiri, na kwamba serikali iliyopo inawanyanyasa maskini. Mchambuzi mmoja huweka kauli ya kwanza katika fungu la dini, mwingine akaiweka ya pili katika fungu la uchumi, halafu wanabishana. Kwa masikio ya pwani hizo ni kauli moja. Serikali inayonyanyasa maskini haina dini, na isiyo na dini ni ya nani kama si ya makafiri? Hoja ni mbovu, tena ya hatari, lakini sarufi yake imekamilika, na sehemu ya sarufi hiyo iliwekwa na tafsiri kama ile ya darasa letu.

Hapa ndipo neno la pili, haki, linapotaka kutazamwa. Waandishi wa magazeti yetu wanapenda kusema kwamba vijana wale "walidai haki". Inawezekana. Lakini haki kwa matumizi ya pwani si sawa na usawa. Katika mirathi kila mtu ana haki yake: mtoto wa kiume fungu lake, wa kike nusu ya hilo. Kila mmoja amepata haki, na hawakulingana. Ndiyo maana "haki sawa" si maneno ya kurudiarudia kama wanafunzi wengine wanavyodhani wanapokata la pili ili kufupisha. Anayedai haki anaweza kuwa hataki sawa hata chembe. Kundi lile lilipopata mji, Human Rights Watch iliripoti Desemba 2021 kwamba wanawake na wasichana zaidi ya 600 walikuwa wametekwa katika muda wa miaka mitatu. Wengi walikuwa Waislamu, mabinti wa majirani.

Na isidhaniwe kwamba kabla ya hapo Uislamu wa pwani hiyo ulimfungia mwanamke nje. Bonate ameonyesha jinsi Waislamu wa kaskazini mwa Msumbiji walivyoendelea kwa karne nyingi kurithishana vyeo na ardhi kwa upande wa mama. Tariqa za Shadhuliyya na Qadiriyya, zilizoingia mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, ziliwapa wanawake nafasi katika dhikri na uongozi wake. Uislamu huo ulidharauliwa mara mbili: na FRELIMO kwa kuwa ni dini, na vijana wa viatu msikitini kwa kuwa eti si dini ya kutosha.

Dola nalo halikukaa kando kama katiba inavyotaka. Masheikh wa mashirika yanayotambuliwa walikuwa wamekwisha kuiomba serikali iwazuie vijana wale kabla ya 2017, na hivyo dola "lisilo na dini" likaitwa kuamua ni Uislamu upi ulio halali. Baada ya shambulio, misikiti kadhaa ilifungwa. Kesi iliyoanza Pemba Oktoba 2018 ilikuwa na washtakiwa 189, wanawake wakiwamo. Ikumbukwe pia kwamba mmoja wa waliopaza sauti zaidi kuhusu wakimbizi hao, wengi wao Waislamu, alikuwa askofu Mkatoliki wa Pemba, Luiz Fernando Lisboa, hadi alipohamishwa mwaka 2021. Sauti yake haikuwa ya "laico", na ilitetea usawa.

Turudi darasani. Ibara ya 12 haiishii kwenye neno "laico". Inaendelea kutenga dola na madhehebu, inayapa madhehebu uhuru wa kujiendesha kwa kufuata sheria, kisha inasema dola linatambua na kuthamini kazi zao katika kuleta maelewano na amani. Ukianza na "isiyo na dini", msomaji hafiki huko akiwa na imani nawe. Tulijaribu "isiyofungamana na dini", ambayo ni bora, ingawa ina harufu ya ofisi. "Isiyoegemea dini yoyote" ilipata kura nyingi, kwa sababu kuegemea ni kitendo kinachoweza kupimwa: mtu anaweza kuuliza siku ya Idi au siku ya Krismasi kama serikali imeegemea au haikuegemea. Kasoro yake ni kwamba inaahidi jambo ambalo Kireno hakikulitamka wazi.

Mwanafunzi wetu wa Palma alisema atamsomea bibi tafsiri hii ya pili wakati wa likizo. Muhula ujao tutaendelea na ibara ya 35 na ya 36, zinazohusu usawa mbele ya sheria na usawa wa mwanamume na mwanamke. Wanaotaka kujiunga na zoezi hilo waje na kamusi ya Kireno, na tafadhali wasikate neno "sawa".