Kuujua Mji wa Ugenini kwa Miguu: Mbeya na Iringa

Mtu aliyepelekwa kikazi katika mji asioujua, akapangiwa kukaa huko miezi kadhaa bila jamaa wala sahibu wa kumtembeza, huwa katika hali isiyofanana na ya mtalii wala ya mwenyeji. Mtalii ana ratiba na kiongozi wa njia, na mwenyeji ana kumbukumbu zake za tangu utoto, ilhali yeye hana ila miguu yake, jioni zake, na Jumapili ambazo ofisi hufungwa na chumba cha kupanga hakikaliki. Wengi wa namna hiyo huishia kuijua njia moja tu, ya kutoka chumbani hadi kazini, na muda wao ukiisha huondoka wakiwa wageni vilevile walivyoingia. Nataka kuchambua hapa njia nyingine, niliyoifuata Mbeya na kisha Iringa, ambayo msingi wake si ujasiri wala bahati, bali ni swali linalopaswa kuulizwa mapema: barabara kuu imepita wapi, na mji wa kale umekaa wapi?

Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, katika zama ambazo dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilikuwa ikiwavuta watu kutoka pande zote, na serikali ya Waingereza ikauweka mji wake mteremkoni, chini ya mlima Loleza. Huo ndio mji wa Uhindini, Sisimba na Sokomatola, ambao mtu mwenye mwendo wa kawaida anaweza kuumaliza asubuhi moja na bado akawahi chai. Lakini barabara ya lami ya kwenda Zambia ilipojengwa ilipita chini, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo ikaweka stesheni yake mbali na mitaa ile ya zamani. Biashara haikungoja kuitwa. Iliteremka ikaifuata barabara, na watu wakaifuata biashara, hata Mbeya uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2005 ukawa ni mji mrefu ulionyooka kandokando ya njia, kutoka Uyole upande wa mashariki hadi kuelekea Mbalizi upande wa magharibi, masafa ya zaidi ya kilomita 20.

Kwa sababu hiyo, mgeni anayeanza kwa kutembea katikati ya mji wa zamani, kama vitabu vya safari vinavyoshauri aghalabu, atadhani ameiona Mbeya, kumbe ameona ofisi na mabenki yake tu. Katika mji mrefu, kazi ya kwanza haifanywi kwa miguu. Hufanywa ndani ya daladala, kiti cha mbele pembeni mwa dereva, kutoka mwisho wa mji hadi mwisho mwingine, ikibidi kwa kubadili gari njiani, huku sikio likiwa kwa konda; maana konda ndiye ramani: Nane Nane, Sae, Mama John, Soweto, Kabwe, Mafiati, kila jina likitajwa mahali pake, na kila mahali pakiwa na sura yake, pengine mzani wa kupimia mahindi, pengine msululu wa malori yanayongoja kuelekea Tunduma. Safari hiyo hurudiwa hadi majina yakae kichwani kwa mfuatano. Ndipo miguu inapopata kazi, kwa kushuka kituo kimoja na kutembea hadi kinachofuata, siku hii upande wa juu wa barabara, siku nyingine upande wa chini.

Hofu ya kupotea, ambayo ndiyo huwafungia wengi vyumbani, haina nguvu Mbeya. Loleza iko kaskazini mwa mji, na minara ya mawasiliano iliyo juu yake humwonyesha mtu upande wa kaskazini kila pembe ya mji. Wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, ukungu huufunika mlima asubuhi nzima. Hapo tazama maji ya mitaroni, kwa kuwa katika mitaa ya juu huteremka kuelekea barabara kuu, na ukiyafuata utafika penye magari. Nimeona njia hii ikiwa ya kuaminika kuliko simu, ambayo betri yake huisha.

Mwanjelwa panahitaji muda zaidi ya sehemu nyingine yoyote ya Mbeya. Soko lake liliteketea kwa moto mwaka 2006, ujenzi wa jengo jipya ukachukua miaka mingi, na katika miaka hiyo wafanyabiashara walitawanyika vichochoroni na kandokando ya barabara, wakajenga mazoea ambayo jengo jipya halikuweza kuyafuta. Ndiyo maana anayeingia jengoni tu hajaliona soko. Nenda asubuhi, malori ya viazi kutoka Umalila na Uporoto yakiwa yanashushwa, usimame pembeni ya wapakuzi utazame gunia la lumbesa: gunia limejaa hadi mdomoni, kisha juu yake limeshonewa kofia ya nyavu iliyotunishwa kwa viazi vingine, likavutwa kwa kamba hata likawa na kichwa na mabega. Sheria ya vipimo inakataza ufungaji huo. Sokoni bado upo, na mkulima ndiye anayebeba hasara, kwa kuwa hulipwa kwa gunia na si kwa kilo. Mtu aliyelitazama gunia lile kwa makini, akamsikiliza dalali na mwenye mali wakibishana juu yake, ameelewa uchumi wa Nyanda za Juu Kusini kwa kadiri ambayo hotuba nyingi hazimfikishi.

Hapa sina budi kugusa jambo la adabu. Mtu anayetembea peke yake bila shughuli inayoonekana hutiliwa shaka, na shaka hiyo ni ya haki. Nyumba ya wageni humtaka aandike kitabuni jina lake, kabila lake, atokako na aendako. Basi mtaani nako kuna kitabu chake kisichoandikwa. Anayekusudia kukaa miezi na ajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa wiki ya kwanza, achague mama lishe mmoja na kula kwake siku zote, na asione haya kuuliza njia hata anapoijua. Salamu ya Kinyakyusa, "ugonile", au "kamwene" ya Kihehe akifika Iringa, hata ikitamkwa vibaya, hufungua mazungumzo ambayo Kiswahili fasaha hakiyafungui. Mwanamke anayetembea peke yake atahitaji hadhari ya ziada, hususan baada ya magharibi. Kusema kwamba miji hii ni sawa kwa wote saa zote ni kumdanganya msomaji.

Iringa, kilomita takriban 330 kurudi upande wa Dar es Salaam, hujibu swali letu la awali kinyume chake. Hapa barabara kuu hupita bondeni, Ipogolo, karibu na mto Ruaha Mdogo, na mji umebaki juu ya uwanda wake, palepale Wajerumani walipoweka boma mwaka 1896. Reli haikufika kabisa. TAZARA ilipanda kutoka Kilombero hadi Makambako ikauacha mji kando. Hivyo Iringa haukuteremka kama Mbeya, na ijapokuwa sasa stendi kuu ya mabasi imehamia Igumbilo na makazi yanaenea kote, moyo wake ungali pale juu: Soko Kuu, Miyomboni, Mshindo, Mlandege, vyote katika mwendo wa dakika chache. Mji wa namna hii huanzwa kwa miguu tangu siku ya kwanza, tena kwa kutafuta kingo zake, mahali ambapo mtaa hukoma na bonde likaanza. Panda mwamba wa Gangilonga alasiri, na mji mzima utauona kwa mtazamo mmoja, jambo ambalo Mbeya haukupi.

Lakini wepesi huo una mtego. Kwa kuwa mji humalizika upesi, mgeni hudhani amemaliza kuujua, ilhali kilichobaki ni tabaka za zamani zake. Jumba la Boma, lililojengwa na Wajerumani kama hospitali ya kijeshi, likawa ofisi za serikali, na tangu mwaka 2016 ni makumbusho, linastahili kurudiwa. Baada yake ndipo uende Kalenga, takriban kilomita 15 nje ya mji, ilipokuwa ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iliyoangushwa Oktoba 1894. Fuvu la mtawala huyo, aliyefariki Julai 1898, lilichukuliwa na Wajerumani, likadaiwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na halikurejeshwa hadi mwaka 1954, mikononi mwa Gavana Twining. Ukienda Kalenga kabla ya Boma utaona fuvu. Ukienda baada yake utaona pia kwa nini mji ulihamishiwa ulipo leo.

Hukumu yangu ni kwamba mwenye hiari ya kuchagua na aanze na Iringa, kwa kuwa huko atajifunza kutembea peke yake katika mji wenye mipaka, kisha ndipo aende Mbeya, ambako mipaka haipo na subira ndiyo itakiwayo. Na afike Mbeya mvua zikishakwisha, kuanzia Mei, Loleza ikiwa wazi tangu asubuhi. Juni na Julai baridi yake ni kali, na sweta nzito za mitumba zipo tele Mwanjelwa.