Aliyebaki Nyumbani: Uhakiki wa Filamu Tatu za Karamu ya Sikukuu

Miongoni mwa filamu za Marekani na za Ulaya ipo jamii moja ambayo muundo wake haubadiliki sana. Watu wa ukoo mmoja, waliotengana kwa ugomvi, kwa aibu au kwa kuchokana tu, wanaitana siku ya sikukuu na kuketi kwenye meza moja. Chakula kinaharibika, maneno yaliyofichwa yanatoka, na kabla ya usiku kwisha kunapatikana maelewano ya kiasi fulani. Kwa kuwa kicheko na machozi vinachanganywa humo, filamu hizo zastahili kuitwa tanzia-ramsa, kwa istilahi ya wahakiki wa tamthilia ya Kiswahili. Zinazohakikiwa hapa ni tatu: Home for the Holidays ya Jodie Foster (1995), Pieces of April ya Peter Hedges (2003) na Un conte de Noël ya Arnaud Desplechin (2008). Mbili za kwanza zahusu Sikukuu ya Shukrani, ambayo Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba. Ya tatu yahusu Noeli katika mji wa Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa.

Mfano wa kale wa muundo huo hauko mbali. Katika sura ya 15 ya Injili ya Luka mwana mpotevu anarudi, ndama aliyenona anachinjwa, na karamu inaanza. Mara nyingi masimulizi hukomeshwa hapo, lakini hadithi yenyewe inaendelea. Mwana mkubwa anatoka shambani, anasikia ngoma, anakataa kuingia. Baba anatoka nje kumsihi. Kama aliingia au hakuingia, msomaji haambiwi. Basi kipimo cha filamu ya karamu si namna inavyompokea aliyepotea, kwani huyo hupendwa upesi na watazamaji. Kipimo ni namna inavyomtendea yule aliyebaki nyumbani.

Katika filamu ya Foster, Claudia, ambaye kazi yake ni kutengeneza picha za kale katika makumbusho ya Chicago, anafukuzwa kazi, kisha anasafiri kwenda kwa wazazi wake Baltimore. Tommy, kaka yake, anafika akiwa ameficha kwamba amefunga ndoa na mwanamume mwenzake. Joanne, dada yao, anaishi karibu na wazazi pamoja na mume na watoto wake. Mezani, Tommy anapokata nyama, bata mzinga anateleza na kumwangukia Joanne mapajani. Onyesho hilo linachekesha sana, lakini yafaa kuuliza anayechekwa ni nani. Aliyekuja kwa siku mbili ndiye mchekeshaji. Aliyekuwapo mwaka mzima ndiye kichekesho.

Haielekei kwamba Foster hakuuona upungufu huo. Baadaye Claudia anamfuata Joanne nyumbani kwake ili wapatane. Joanne anaendelea na mazoezi yake ya mwili, kisha anamweleza waziwazi kwamba, kama wangekutana barabarani bila kuwa ndugu, asingetaka hata kujuana naye. Hawapatani. Hilo ndilo onyesho la kweli kupita yote katika filamu hiyo, kwa sababu Joanne anapewa kauli yake wala halazimishwi kusamehe. Hata hivyo kauli hiyo ni ya dakika chache tu. Mara kamera inarudi kwa Claudia na mapenzi yake mapya. Joanne amepewa nusu ya haki yake.

Pieces of April ina sifa nyingine. April, mtoto wa kwanza aliyekosana na mama yake, anawaalika wazazi na ndugu zake katika chumba chake huko New York. Mama, Joy, anaugua saratani ya matiti, na huenda sikukuu hiyo ikawa ya mwisho kwake. Jiko la April haliwaki. Basi binti huyo anapanda na kushuka ngazi akiwa na bata mzinga wake, akiwaomba majirani moto. Waswahili husema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Majirani hawa hawavunji methali hiyo, kwa kuwa hawaingilii ugomvi, wanatoa moto tu. Onyesho litakalompendeza mwanaisimu ni lile ambamo April anaieleza sikukuu hiyo kwa familia ya Kichina. Anaanza hadithi ya historia, inamshinda; anaanza tena, inamshinda tena; mwishoni yanabaki maneno machache mepesi juu ya watu waliotambua kwamba wanahitajiana. Kilichoshindikana kusemwa kati ya mama na binti kinasemeka mbele ya wageni. Upatanisho wenyewe hautamkwi kabisa: unaonyeshwa kwa picha za mnato tu, na uamuzi huo wa Hedges wastahili sifa. Lakini Beth, binti wa pili, mtiifu na mwenye bidii ya kumpendeza mama, anadhihakiwa tangu mwanzo wa safari. Wivu wake unaonyeshwa kama kasoro ya tabia, wala hakuna anayeuliza umetoka wapi. Kimya kinachomponya April kinamzika Beth.

Desplechin ndiye anayekaribia haki. Elizabeth, binti pekee, alilipa madeni ya kaka yake Henri kwa sharti kwamba asionane naye tena. Miaka kadhaa baadaye mama yao, Junon, anapatwa na ugonjwa wa damu na kuhitaji uboho wa mmoja wa jamaa zake. Na uboho wa Henri unafaa. Aliyefukuzwa ndiye aliyebeba dawa. Elizabeth hakubaki nyumbani kwa maana ya makazi, lakini nafasi yake ni ile ya mwana mkubwa wa Injili: alilipa, na sasa anatakiwa kuketi karamuni na aliyelipiwa. Filamu haimdhihaki wala haimsafishi. Haielezi yote yaliyomfanya amchukie Henri, na mwishoni inamwachia yeye maneno ya kufungia.

Suala hili si la Wamarekani na Wafaransa peke yao. Mtazamaji wa Lubumbashi au wa Bukavu mwenye ndugu huko Bruxelles au Johannesburg ataitambua meza hiyo upesi. Anajua kuku huchinjwa siku ya kuwasili kwa nani, na anajua ni nani aliyeshinda hospitalini na mzazi miezi yote iliyotangulia. Filamu inayomchekesha kwa gharama ya huyo wa pili yaweza kuwa na ufundi mwingi, lakini imeyakomesha masimulizi pale ngoma inapoanza kulia, ilhali kuna mtu angali amesimama nje ya mlango.