Kiitikio cha Koo Moja: Kauntapointi na Ufundi wa Utunzi wa Freddie Mercury kwa Sikio la Faza

Utangulizi

Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa wazazi wa Kiparsi, na alifariki London tarehe 24 Novemba 1991. Wakati huo alikuwa mmoja wa watunzi wa muziki wa roki waliosikilizwa zaidi duniani. Tangu kifo chake, mjadala juu yake katika pwani ya Waswahili umezunguka swali moja: je, ni mtu wa pwani au si mtu wa pwani? Wapo wanaomdai kwa hoja ya mahali alipozaliwa. Wapo wanaomkana kwa hoja ya mwenendo wa maisha yake. Mwaka 2006 sherehe iliyokusudiwa kufanywa Unguja kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ilivunjwa baada ya kupingwa kwa misingi ya dini. Makundi haya mawili yanahitilafiana katika kila jambo ila moja: yote hayakuanza kwa kuusikiliza muziki wenyewe.

Makala haya yanashika njia nyingine. Hayaulizi Mercury alichukua nini kutoka pwani, kwani jibu la swali hilo ni fupi. Alipelekwa shule Panchgani, India, akiwa mtoto mdogo, akarudi Unguja mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia yake ilihamia Uingereza. Kinachoulizwa hapa ni iwapo desturi za uimbaji za pwani zinaweza kumpa mhakiki vipimo vya kuupimia utunzi wake. Kituo cha usikilizaji huo ni Faza, katika funguvisiwa la Lamu. Faza haikuchaguliwa kwa kuwa ina uhusiano wa kihistoria na Mercury, maana haina. Imechaguliwa kwa sababu uimbaji wake umejengwa juu ya jambo lile lile ambalo ndilo kiini cha ufundi wa mtunzi huyu, yaani uhusiano wa sauti ya mmoja na sauti za wengi. Hoja inayotetewa ni kwamba katika tungo bora za Mercury namna kwaya ilivyoundwa si pambo la fani. Ni sehemu ya maudhui.

Dhana ya Kauntapointi

Kauntapointi ni ufundi wa kuziunganisha sauti mbili au zaidi ili ziende pamoja huku kila moja ikiwa na mwendo wake. Johann Joseph Fux aliuwekea kanuni za kufundishia katika kitabu chake cha mwaka 1725, Gradus ad Parnassum, na kazi za Johann Sebastian Bach (1685–1750) ndizo zinazotajwa kwa kawaida kuwa kilele chake. Masharti yake ni mawili, nayo huvutana: uhuru na upatanifu. Sauti zikipatana bila ya kuwa huru, moja inakuwa kivuli cha nyingine. Zikiwa huru bila ya kupatana, huwa kelele.

Dhana hii si ngeni katika uhakiki wa fasihi. Mikhail Bakhtin aliazima istilahi ya muziki wa sauti nyingi katika uchambuzi wake wa Dostoevsky (1929), na Edward Said alipendekeza usomaji wa kikauntapointi katika Culture and Imperialism (1993). Hata hivyo, uazimaji huu umekuwa na hasara yake. Istilahi iliyokuwa na masharti makali imegeuka kuwa neno la sifa, hata kila riwaya yenye wahusika wengi huambiwa kuwa ni ya sauti nyingi. Kwa hiyo inafaa kutofautisha mambo matatu ambayo huchanganywa mara kwa mara. La kwanza ni sauti kwenda sambamba: maneno ni mamoja na mapigo ni mamoja, ila kila sauti iko kwenye kimo chake. La pili ni kupokezana: moja hunyamaza ili nyingine ijibu. La tatu ni kauntapointi yenyewe, ambapo sauti zinakuwepo kwa wakati mmoja na kila moja ina safari yake. Katika muziki wa roki, mfano mwepesi wa hili la tatu ni mwisho wa "God Only Knows" wa Beach Boys (1966), ambapo sauti huingia moja baada ya nyingine na kupishana bila ya kungojana.

Sauti ya Mmoja na Sauti za Wengi Faza

Faza, ambayo pia huitwa Rasini, ni mji wa Wabajuni ulio kaskazini mwa kisiwa cha Pate, na lahaja yake ni Kitikuu. Miongoni mwa tanzu za Kibajuni ni vave, nyimbo za wakulima zinazoimbwa usiku wa kuamkia siku ya kuchoma msitu uliofyekwa kwa ajili ya kilimo. Pamoja na vave kuna kasida za maulidi na nyimbo za wanawake za harusini, zikiwemo za vugo, ambapo pembe hugongwa kwa vijiti. Kwa mtazamo wa juujuu, yote haya ni kupokezana tu: mwimbishi huanza, waitikiaji hujibu. Ndiyo maana wapo waliosema kwamba muziki wa pwani hauna kauntapointi.

Kauli hiyo haistahimili usikilizaji wa makini. Kwanza, mipaka ya zamu katika uimbaji wa namna hii si ukuta. Mara nyingi mwimbishi huingia kabla ya kiitikio kwisha, na kwa kitambo sauti mbili huwa hewani pamoja, moja ikishikilia mkarara na nyingine ikienda huria. Pili, katika ngoma kila chombo kina mgawanyo wake wa pigo, na uzuri wake hutokana na migawanyo hiyo kukutana na kuachana. Tatu, hata katika utendi unaoghaniwa na mtu mmoja kuna mifumo miwili. Mizani nane za kila kipande huhesabiwa na sikio lililozoea, ilhali mahadhi hurefusha silabi hii na kuibana ile, hasa karibu na kina. Msikilizaji hufuata hesabu na sauti kwa pamoja, na zote mbili zina madai yake.

Lakini jambo lililo kubwa zaidi ni la kijamii. Waitikiaji wa vave ni watu wa kazi ile ile ya msitu na shamba. Waitikiaji wa harusini ni shangazi, wifi na majirani wa bibi harusi. Hawakuundwa na mwimbishi, aliwakuta. Wanaweza kuchelewa, kukosea, kuzidisha, hata kumnyamazia. Uhuru wa sauti, ambao ni sharti la kwanza la kauntapointi, hapa hauishii kwenye noti. Ni uhuru wa watu.

"Bohemian Rhapsody": Kwaya Inayomgombania Mtu

Utungo huu wa mwaka 1975, kutoka albamu A Night at the Opera, una urefu wa dakika 5 na sekunde 55 na hauna kiitikio kinachorudiwa kama ilivyo kawaida ya nyimbo za redioni. Huanza kwa kwaya isiyo na ala, ukaingia sehemu ya masimulizi kwa piano, ukapita kwenye gitaa, opera na roki nzito, kisha ukarejea kwenye utulivu.

Kwaya ya mwanzo huvutia kwa utajiri wake, lakini kwa vipimo vilivyowekwa hapo juu si kauntapointi. Sauti zote hutamka maneno yale yale kwa mapigo yale yale, zinakwenda sambamba. Zaidi ya hayo, sauti zote hizo ni za Mercury mwenyewe, zilizorekodiwa moja juu ya nyingine. Kinachosikika kama jamaa ya watu wakijiuliza juu ya uhalisi wa maisha ni mtu mmoja. Kisha kwaya hiyo huondoka, na mwimbaji hubaki na piano, akimwungamia mama yake jinai aliyoitenda. Mpangilio huu umefikiriwa: msikilizaji ameonyeshwa wengi, halafu akaonyeshwa kwamba hawapo.

Sehemu ya opera ndiyo inayosifiwa zaidi kwa ufundi wa sauti. Mercury, Brian May na Roger Taylor waliimba kwa siku nyingi, wakirudia juu ya mkanda wa njia 24 mpaka watu watatu wakawa umati. Hata hapa kinachotawala ni kupokezana. Kundi moja linamwombea mshtakiwa, jingine linakataa kumwachilia, na sauti ya mshtakiwa hujipenyeza baina yao. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili atayatambua haya mara moja kuwa ni malumbano, na atagundua pia jambo ambalo wahakiki wa Magharibi huliona kuwa ni rangi ya kigeni tu, yaani neno "Bismillah". Katika tendi neno hili lina mahali pake, nalo ni mwanzoni; mshairi hulitaja ili kazi ipate baraka. Mercury amelihamisha kutoka dibaji hadi katikati, na kutoka kinywa cha msimulizi hadi vinywa vya wanaomkatalia. Neno la kufungulia limekuwa neno la kufungia. Iwe mtunzi alilikusudia hilo au hakulikusudia, matokeo yake katika muundo ni dhahiri: hukumu hutolewa na wengi kwa lugha ya utakatifu, na mmoja hana pa kukata rufani.

Sehemu ya roki hufuata kama hasira ya aliyehukumiwa, na mwishowe sauti moja hubaki ikikiri kwamba hakuna linaloijali tena. Kwaya iliyomgombania haikumpokea.

"Somebody to Love": Kiitikio Kinachobaki

Mwaka uliofuata, katika albamu A Day at the Races (1976), Mercury alirudi kwenye tatizo lile lile kwa njia tofauti. "Somebody to Love" umejengwa juu ya desturi ya kwaya za kanisa za Waamerika Weusi, na Mercury alikuwa mpenzi mkubwa wa uimbaji wa Aretha Franklin. Waimbaji ni wale wale watatu, waliozidishwa tena kwa mkanda.

Hapa uhusiano wa mwimbishi na waitikiaji una hatua tatu. Kwanza waitikiaji hurudia alichosema. Kisha humwuliza na kumsemea, kama afanyavyo mtu anayemsikiliza mwenziwe kwa huruma. Mwishoni ala hunyamaza, na kiitikio kifupi huanza chini na kurudiwa mara nyingi, kikiongezeka sauti baada ya sauti, huku mwimbishi akiruka juu yake kwa uhuru. Hapo ndipo Mercury anapofikia kauntapointi kamili: mkarara una safari yake ya kupanda, mwimbishi ana yake ya kutangatanga, na hakuna anayemngoja mwenziwe. Sikio lililozoea mwimbishi wa Faza anayeingia juu ya kiitikio halihitaji kufafanuliwa kinachotendeka.

Hata hivyo, sikio hilo hilo litauliza swali ambalo mwanamuziki wa studio hana haja ya kuliuliza: hawa wanaoitikia ni nani? Jibu lake ndilo linalofungua utungo. Msemaji anaomba mtu mmoja wa kumpenda, naye amezungukwa na kwaya ambayo kwa sehemu kubwa ni yeye mwenyewe. Ombi lake linajibiwa na mwangwi wake. Utungo haukusema hivyo kwa maneno, lakini umesema kwa namna ulivyotengenezwa.

Inaweza kupingwa kwamba kurudia sauti juu ya mkanda ilikuwa mbinu ya kila studio ya zama hizo, kwa hiyo haina maana maalumu. Ni kweli kwamba mbinu ilikuwa ya wote. Lakini Beach Boys walianza kama ndugu watatu, binamu na rafiki, na sauti zao zilizopatana zilitangaza undugu huo. Mercury aliitumia mbinu hiyo katika tungo ambazo msemaji wake hana ndugu wa kumtetea. Mbinu haina maana ikiwa peke yake. Hupata maana kwa kukutana na msemaji.

Mipaka ya Ufundi Huu

Si kila utungo wa Mercury unafaulu hivi. "The March of the Black Queen" (1974) una mahali ambapo migawanyo miwili ya pigo, ya nane na ya kumi na mbili, huenda kwa pamoja. Huo ni ufundi ambao mpigaji wa ngoma angeuheshimu, lakini vipande vya utungo ni vingi mno na hakuna kimoja kinachopata muda wa kukua. "Mustapha", unaofungua albamu Jazz (1978), una kasoro nyingine. Huanza kwa sauti pekee inayokumbusha adhana, kisha ukachanganya Kiarabu, Kiajemi, Kiingereza na maneno ya kubuni. Majina matukufu yametumika kwa ajili ya mlio wake. Msikilizaji wa Faza, ambaye kwake adhana ni mwito unaongoja kuitikiwa, atasikia mwito usio na mwitikaji. Kasoro iliyopo hapa ni ya kifani kabla haijawa ya adabu: maneno yaliyovuliwa maana hayawezi kushindana na sauti nyingine, na pasipo ushindani hakuna kauntapointi.

Hitimisho

Uchambuzi huu haumfanyi Mercury kuwa mtunzi wa Kiswahili, wala haudai kwamba Faza ina opera yake. Ulichoonyesha ni kwamba mwimbishi, kiitikio, malumbano na mizani ni istilahi zinazoweza kukata hata nje ya nyumba yake, na kwamba zinaona jambo ambalo istilahi za Fux peke yake haziwezi kuliona. Kanuni za Fux huuliza iwapo sauti ziko huru. Desturi ya Faza huuliza zaidi: sauti hizo ni za nani, na je, zinaweza kukataa? Kwa swali la pili, kwaya ya Mercury ni kwaya isiyoweza kumkatalia aliyeiumba, na huzuni ya tungo zake bora imetoka humo.

Kazi iliyobaki ni ya upande wa pili. Idara za fasihi zimezoea kuandika maneno ya nyimbo na kuyaacha mahadhi na zamu za waitikiaji. Vave ikichapishwa kama beti tupu, kiitikio huonekana ni marudio yanayoweza kufupishwa kwa alama ya nukta tatu, na uhakiki unaofuata hupoteza nusu ya waimbaji. Nyimbo za Faza zinahitaji kurekodiwa na kuandikwa sauti zote pamoja, mahali zinapoingiliana pakiwekewa alama, kabla ya mhakiki yeyote kutamka tena kwamba muziki wa pwani hauna kauntapointi.