Uso wa Mfadhili: Kadinali Ottoboni katika Bamba la Shaba

Usawiri wa mtu mwenye mamlaka huzua swali ambalo wahakiki wa fasihi wamelizoea: je, anayesawiriwa ni mtu au ni cheo chake? Swali hili hujitokeza waziwazi katika picha ya kuchongwa ya kadinali wa Roma, na hasa pale kadinali mwenyewe anapokuwa Pietro Ottoboni (1667-1740), mfadhili wa muziki aliyesifika kuliko wengi wa enzi yake.

Fani ya picha za aina hii ina kaida zake. Mchongaji alikata mistari kwa chuma kikali juu ya bamba la shaba, wino ukajazwa katika mifuo hiyo, kisha karatasi ikagandamizwa juu yake. Bamba moja liliweza kutoa nakala nyingi. Jumba la uchapaji la de Rossi mjini Roma lilitoa mfululizo mzima wa makadinali kwa njia hii: kichwa na mabega ndani ya duara la umbo la yai, mavazi ya ukadinali, nembo ya ukoo, na maandishi ya Kilatini yanayotaja jina, cheo na tarehe ya kuteuliwa. Katika sarufi hiyo fidla haina nafasi. Nyuso hutofautiana, lakini kauli ni moja: huyu ni mkuu wa Kanisa.

Mtazamaji akitulia katika kauli hiyo, mengi humpita. Ottoboni aliteuliwa kuwa kadinali mwaka wa 1689, akiwa na umri wa miaka 22, na aliyemteua ni Papa Alexander VIII, ndugu ya babu yake. Upadre aliupokea mwaka wa 1724 tu. Hivyo, kwa miaka 35 vazi lilimtangulia padre. Hata hivyo, ni cheo hicho cha Makamu wa Kansela wa Kanisa kilichompa makao katika jumba la Cancelleria, pamoja na mapato yaliyolisha muziki. Arcangelo Corelli aliishi humo tangu 1690. Mwaka huohuo Alessandro Scarlatti alitunga muziki wa opera ya La Statira, ambayo maneno yake yaliandikwa na Ottoboni mwenyewe. Baadaye Filippo Juvarra alimjengea jukwaa la maonyesho katika jumba hilo.

Yamkini mhakiki mwenye haraka atahitimisha kwamba picha inadanganya. Hitimisho hilo halitoshi. Picha hiyo ni utungo wa sifa, na utungo wa sifa haupimwi kwa yale usiyokusudia kuyasema. Unapaswa kusomwa sambamba na tungo nyingine za mfumo uleule. Mwaka wa 1694 Corelli alimtabarukia Ottoboni sonata zake za Opus 4. Katika tabaruku mtumishi humtukuza bwana; katika picha bwana hutukuzwa na cheo. Zikiwekwa pamoja, hati hizi mbili zinafichua kile ambacho kila moja inakificha: ufadhili ulikuwa mabadilishano, ambapo riziki ilitolewa na jina likarudishwa.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba shaba haikumhudumia bwana peke yake. Sonata za Corelli za Opus 5, zilizotolewa Roma mwaka wa 1700, nazo zilichongwa kwenye mabamba. Ufundi uliohifadhi nyuso za makadinali ulizihifadhi pia noti za mpiga fidla, nazo zikachapishwa upya mara nyingi kote Ulaya. Mabamba ya de Rossi yalinunuliwa na Papa Clement XII mwaka wa 1738, yakawa mali ya dola. Ottoboni alifariki mwaka wa 1740 akiacha madeni makubwa. Hati zake za kale zilinunuliwa mwaka wa 1748 kwa ajili ya Maktaba ya Vatikani.

Picha ilikusudiwa kumtenga Ottoboni na walio chini yake. Leo jina lake hutajwa zaidi katika habari za maisha ya waliokula mezani pake. Hapo ndipo thamani ya picha hii kwa mhakiki: inamfundisha kuuliza, mbele ya kila utungo wa sifa, ni kazi ya nani iliyougharimia utukufu unaoonyeshwa, na kwa nini mwenye kazi hiyo ameachwa nje ya fremu.