Lugha Iliyo Chini ya Ramani ya Serengeti

Tangu 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora kwenye ramani huria ya OpenStreetMap njia na vijiji vya Tanzania, vya Serengeti na Tarime vikiwemo. Ramani hizo huwasaidia wanaomkimbilia msichana kabla hajakeketwa, ili wamfikishe nyumba salama kama ile ya Mugumu, ya shirika linaloongozwa na Rhobi Samwelly. Anayechora kwenye kivinjari hutumia programu iitwayo iD, nayo imeandikwa kwa JavaScript, lugha ninayoipenda na inayosingiziwa mengi.

Husemwa ni mtoto wa lugha ya Java. Sivyo, ilipewa jina hilo Desemba 1995 kwa ajili ya soko. Husemwa pia ilibuniwa ovyo, kwa siku kumi. Siku hizo ni za kweli: Brendan Eich aliandika toleo la kwanza Mei 1995, akiwa kampuni ya Netscape. Ila mawazo aliyoyakusanya yalikuwa yamekwisha kuiva: funksheni za Scheme, lugha ya 1975, na prototaipu za Self, ya miaka ya 1980. Na kwamba 0.1 + 0.2 haitoi 0.3 kamili? Java na Python hujibu vivyo hivyo, kwa kuwa zote hufuata kanuni moja ya namba.

Kasoro za kweli zipo. Hadi leo ukiiuliza null, yaani alama ya kutokuwepo thamani, ni aina gani, inakujibu kuwa ni kitu, na kosa hilo limeachwa kwa sababu kulirekebisha kungevunja kurasa zilizokwisha kulizoea. Naliheshimu sana agano hilo na walioandika zamani.

Lakini uzuri wenyewe umo katika prototaipu, ambazo wakosoaji huziita upungufu. Kitu kikiulizwa jambo kisilo nalo, hulitafuta kwa kitu kilicho prototaipu yake. Waandishi wa iD walitumia hilo kwa ustadi. Mchoraji akisogeza kona ya njia, ramani ya msingi haiguswi wala hainakiliwi yote; huundwa toleo jipya lililobeba mabadiliko tu, na yaliyobaki husomwa kutoka kwenye msingi ule ule. Kutengua, basi, ni kurejea toleo lililotangulia, ambalo lipo kama lilivyoachwa. Anayejifunza leo kuchora vijia vya Nyamongo, huko Tarime, anaweza kujaribu kona, kuifuta na kuijaribu tena, bila hofu ya kuiharibu kazi ya waliomtangulia.