Kuketi Anapoketi Mgeni

Katika somo la utunzaji wa vyumba, wanafunzi wengi hukagua kazi yao wakiwa mlangoni. Shuka imenyooka, foronya zimejaa, taulo zimekunjwa. Wanaridhika na kutaka kwenda chumba kinachofuata. Mhadhiri mmoja niliyebahatika kumtazama akifundisha, katika chuo kimoja cha pwani, hakuwa na mazoea hayo. Wanafunzi walimwita Madam. Alivua viatu, akatandaza taulo juu ya kitanda kilichokwisha kutandikwa, akalala chali na kunyamaza. Kisha, bila kuinuka, akasema: "Njooni mlale hapa mmoja mmoja, mniambie mnaona nini."

Waliona utando wa buibui kwenye mapanga ya feni. Akawahamishia kwenye kiti cha dirishani, wakaona waya za taa zilivyojisokota chini ya meza, zimevaa vumbi. Akawapeleka bafuni na kumwamuru kijana mmoja aketi juu ya kifuniko cha choo. Vijana wakacheka. Yule aliyeketi ndiye aliyeacha kucheka kwanza, maana kutoka pale aliona kutu chini ya sinki, na nyuma ya mlango shungi la nywele lililosahauliwa na mgeni aliyetangulia. "Mgeni haishi mlangoni," Madam akasema. Somo likaisha, wakarudia chumba kizima.

Nimesoma vitabu vingi vya uendeshaji wa hoteli, vyenye michoro ya mishale na visanduku, na sijaona ukurasa ulionifundisha kuliko robo saa ile. Kazi ya mhadhiri wa fani hii, nikiitazama kwa makini, ni kumhamisha mwanafunzi kutoka pale alipozoea kusimama mpaka pale anapoketi mwingine. Mengine yote, bei za vyumba, gharama za jikoni, ratiba za zamu, hufuata baada ya hapo. Wala usidhani ni jambo dogo. Kijana wa miaka ishirini amejaa nafsi yake. Kumfanya alione dari kwa macho ya mtu aliyetoka safari, amechoka, hana usingizi, kunahitaji mwalimu aliyeiva.

Katika ukumbi wa chakula Madam alikuwa mkali zaidi. Glasi haikufutwa kwa pumzi ya kinywa. Iliinamishwa juu ya bakuli la maji ya moto mpaka ipate ukungu, ikafutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, mikono yote miwili ikiwa ndani ya kitambaa ili kidole kisiguse kioo, kisha ikainuliwa kwenye mwanga. Aliyeiacha na alama aliirudisha kwenye mvuke. Mwanafunzi aliyebeba supu akiikodolea macho aliambiwa anyanyue uso: "Ukiitazama supu itamwagika. Mtazame unayempelekea." Nilidhani ni maneno ya kumtia moyo tu, hadi nilipomwona kijana akinyanyua uso na sahani ikatulia.

Siku moja mgeni wa heshima alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa mji uleule. Binti wa mapokezi, ndani ya sare yake mpya, akamkaribisha kwa "Jambo!" ya kuwaimbia watalii. Madam akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini: "Huyo ni mama yako. Mwamkie." Binti akatoa shikamoo, yule mama akaitikia marahaba, na mabega yake yakashuka. Binti yule alikuwa amekuzwa kwenye nyumba ambayo mgeni hafiki kibarazani bila kuvutiwa mkeka na kupewa maji. Alijua kukaribisha tangu utotoni. Sare ilikuwa imemsahaulisha. Kumrudishia mwanafunzi adabu ya kwao, akiwa ndani ya jengo la ghorofa lenye lifti, hakumo kwenye mtaala wowote niliowahi kuusoma.

Shule za fani hii ni changa kuliko kazi yenyewe. Mwaka 1893 Jacques Tschumi alianzisha shule ya hoteli huko Lausanne, Uswisi, na masomo yake ya kwanza yalifanyika hotelini. Mwaka 1922 Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kikaanza kuifundisha fani hii kwa ngazi ya shahada, chini ya Howard Meek. Mwaka 1975 Kenya, kwa msaada wa serikali ya Uswisi, ikafungua Kenya Utalii College kando ya Barabara ya Thika jijini Nairobi, chuo kikiwa na hoteli yake ya mafunzo. Waasisi hao walikubaliana katika jambo moja: darasa lisikae mbali na jiko. Mwanafunzi asikie harufu ya kitunguu kinachoungua wakati bado anaandika maelezo ya somo.

Tanzania iliingia katika fikra hizi kwa mlango mwingine. Mwaka 1970 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU na wasomi wa Dar es Salaam walibishana magazetini kama utalii unaifaa nchi ya ujamaa. Mwaka 1973 Issa Shivji alihariri mjadala huo katika kitabu Tourism and Socialist Development. Pamoja na hesabu za fedha za kigeni, palikuwa na hofu kwamba tungezalisha taifa la watu wa kunyenyekea mbele ya wageni wenye pesa. Siku hizi hofu hiyo huchukuliwa kama mabaki ya siasa za zamani. Mimi naona ndilo swali kubwa ambalo mhadhiri wa ukarimu hulikuta kila asubuhi: utamfundishaje mtoto wa watu kuhudumia bila kumfundisha kujidhalilisha? Madam alilijibu kwa sheria ndogondogo. Aliyekuwa chini yake hakuruhusiwa kusema "samahani" pasipo kosa. Hakuruhusiwa kucheka mzaha usiomchekesha. Alifundishwa kusimama wima, kujua chakula anachokileta kimetoka shamba gani, na kukataa kwa upole lisilowezekana.

Na utafiti? Utafiti wa fani hii ulipokuwa bora ulifanana na kile alichokifanya Madam pale kitandani. Katika miaka ya 1940, William Foote Whyte na wenzake walikaa katika migahawa ya Chicago wakitaka kujua, pamoja na mambo mengine, kwa nini wahudumu wanawake hulia kazini. Hawakuanza na fomu. Walitazama dirisha la jikoni saa za msongamano, wakaona mabinti wa cheo cha chini wakiwapigia kelele za oda wapishi waliokuwa juu yao, na wapishi wakijibu kwa kuwachelewesha. Kitabu chao kilitoka mwaka 1948. Miongoni mwa tiba zilizojadiliwa ni kijiti cha chuma chenye ncha: mhudumu anachomeka karatasi ya oda, mpishi anaichukua mwenyewe kwa zamu yake, na hakuna aliyemwamuru mwenzake. Kipande cha chuma kinapunguza machozi. Huwezi kukigundua ukiwa ofisini.

Leo mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetaka kupima huduma ya hoteli za Unguja au Diani huenda na dodoso. Mara nyingi ni lile la Parasuraman, Zeithaml na Berry lililochapishwa mwaka 1988, lenye vipengele 22. Lilijaribiwa Marekani kwa wateja wa benki, kadi za mkopo, ukarabati wa vifaa na simu za masafa marefu, hoteli haikuwamo. Si kosa la waliolitunga, walisema wazi walikolitoa. Kosa ni letu tunaolibandika juu ya kila mlo na kila kitanda, tukimwomba mgeni achague 1 hadi 5, kisha tunahitimisha kwamba huduma bora humridhisha mteja. Mama ntilie yeyote angetuambia hilo bila kompyuta. Sura ya mwisho hupendekeza uongozi uongeze mafunzo, tasnifu inajalidiwa kwa rangi nyeusi na herufi za dhahabu, inalazwa maktaba.

Sidharau tarakimu. Madam mwenyewe alikuwa mtu wa kuhesabu. Alikuwa na daftari la kaunta ambamo kila jioni, baada ya chakula cha wanafunzi, aliandika uzito wa mabaki: wali, mboga, matunda, mkate. Kwa miaka aligundua kwamba wali uliorudi ulizidi siku ambazo vijiko vya kupakulia vilikuwa vikubwa, na kwamba papai lililokatwa asubuhi lilikuja kutupwa jioni huku lililokatwa mbele ya mlaji likiisha. Akaandika makala. Ilirudishwa na swali moja: kiunzi cha nadharia kiko wapi? Hakuituma tena. Aliendelea kupima mabaki, na chuo kiliendelea kuokoa mchele.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Tumejenga mfumo ambao mhadhiri hupanda cheo kwa makala, na makala huhesabiwa bila kuulizwa kama kuna meneja hata mmoja aliyezisoma. Anayeshinda jikoni na wanafunzi hubaki mhadhiri msaidizi. Anayekaa na takwimu alizotumiwa kwa barua pepe huitwa profesa. Majiko ya mafunzo, yenye gharama ya gesi na nyama, hugeuzwa kumbi za kukodisha kwa semina. Mwanafunzi hujifunza kuoka mkate kwa slaidi ukutani, kisha hupelekwa mafunzo ya vitendo hotelini, ambako huwekwa kwenye ngazi za nyuma akibeba mifuko ya nguo chafu miezi yote, bila posho, na msimamizi wake husaini fomu bila kumwona. Tukimlaumu baadaye kwamba hajui kazi, tunamlaumu kwa ujinga tuliompa wenyewe.

Mhudumu hodari humkumbuka aliyemfundisha, lakini ujuzi wa mwalimu huyo hauandikwi popote. Tunao watafiti, tunazo ruzuku, tunayo makongamano yenye vitambulisho vya shingoni. Hatujamtuma hata mmoja kukaa muhula mzima nyuma ya mwalimu wa namna hii na kuandika anachokifanya kwa mikono, kwa macho na kwa kunyamaza. Alipofika miaka 60 Madam alistaafu, kama sheria ya utumishi inavyotaka. Lile daftari la kaunta lilibaki kwake, kwa sababu hakuna ofisi iliyolidai. Nafasi yake ilitangazwa gazetini, ikiwa na sharti la shahada ya uzamivu na idadi ya makala zilizochapishwa. Uzoefu wa hotelini ulitajwa mwishoni, kama sifa ya ziada.